Maswali ya Wasomaji: Mwenye Dodoso Anapobisha Hodi

Barua nyingi zilizonifikia mwezi huu kutoka Mtwara na Lindi zinahusu jambo moja, nalo ni watafiti wa afya na maendeleo ya jamii wanaopita vijijini wakiuliza habari za watoto, vyoo, mapato na magonjwa, kisha wakaondoka na majibu yao. Niliwahi kuifanya kazi hiyo kwa misimu kadhaa upande wa Lindi kabla sijaanza kuandika, hivyo baadhi ya malalamiko haya nayajua kutoka upande wa yule aliyekalishwa kwenye mkeka wa mgeni. Barua nimezifupisha na majina nimeyaacha.

SWALI: Mwezi uliopita walikuja vijana wawili wenye vitambulisho, wakazungumza nami karibu saa nzima. Kwa jirani yangu, mjane anayelea wajukuu wanne na ambaye paa lake linavuja, hawakuingia kabisa. Nilipowaambia waanze kwake kwa kuwa mwenye shida ni yeye, walijibu kwamba hayumo kwenye orodha. Orodha hiyo aliiandika nani, na ana ugomvi gani na jirani yangu?
Msomaji, Tandahimba

JIBU: Hakuna aliyemkataa jirani yako, ndugu yangu, wala wewe hukupendelewa. Kwa kawaida kaya zote za eneo huandikwa kwanza na kupewa namba, kisha namba chache huchaguliwa kwa bahati nasibu, na mdadisi, yaani yule anayepita kuwahoji watu, hukabidhiwa orodha hiyo akiwa hana ruhusa ya kuongeza wala kupunguza.

Wewe ni mtu wa korosho, kwa hiyo kazi hii umekwisha kuiona ghalani bila kuiita utafiti. Mkaguzi wa ubora anapofika kwenye chama cha msingi hamwagi kila gunia; huchoma bambo kwenye magunia aliyoyachagua mwenyewe, hupasua korosho chache, na kutokana na hizo hutamka hali ya mzigo wote. Sasa fikiri mwenye mzigo angeruhusiwa kumwonyesha magunia ya kuchoma: angempeleka kwenye yale yaliyoanikwa vizuri, na yenye unyevu yangebaki nyuma ukutani. Wewe ulitaka kufanya kinyume chake, tena kwa huruma, lakini madhara ni yale yale. Kama mdadisi angekufuata, na wenzake katika vijiji vingine wakafuata majirani wenye huruma kama wewe, taarifa ingetoka ikisema kwamba Tandahimba nzima inalala chini ya mapaa yanayovuja. Kaya zinazofanana na ya mjane huyo zimo katika orodha kwa kadiri zilivyo wilayani, japokuwa yake yenyewe haikuangukiwa na namba.

Kwa sababu hiyo hiyo mdadisi hukataa kumwingiza mtu mwingine pale aliyechaguliwa asipokuwepo. Wakati wa kupalilia, au mazao yanapokaribia kukomaa na ngedere wakawa hawalali, familia nyingi huhamia shambani na kulala kwenye dungu. Ukiwahoji waliobaki kijijini peke yao, utakuwa umewahoji wazee, wagonjwa na wenye maduka. Ndiyo maana unamwona kijana wa watu anarudi mara ya pili na ya tatu kwenye mlango ule ule uliofungwa, akionekana kama hana akili.

Nahisi hata hivyo kwamba umeuchanganya utafiti na uandikishaji wa misaada, na katika hilo si wewe peke yako. Wapo wanaoficha pikipiki nyuma ya nyumba wakidhani wanaandikishwa TASAF, mfuko unaosaidia kaya maskini, na wapo wanaoficha magunia wakidhani ni watu wa kodi. Wote wawili huharibu hesabu. Utafiti haumpi mtu bati. Kama jirani yako anastahili kuingia katika mpango wa kunusuru kaya maskini, huko utambuzi wa kaya hupitia mkutano wa kijiji, na kauli yako pale ina uzito ambao isingekuwa nao mbele ya wale vijana.

SWALI: Walimchoma kidole mwanangu wa miaka miwili, wakasema wanapima malaria na upungufu wa damu. Mimi sijui kusoma, nikaweka dole gumba kwenye karatasi. Mume wangu yuko Dar es Salaam. Mjomba wangu amekuja juu kwamba niliruhusu bila yeye kuambiwa, na majirani wanasema wale ni mumiani. Je, nilikosea? Na damu ile inakwenda wapi?
Mama wa watoto watatu, Nachingwea

JIBU: Hukukosea, mama, na mwambie mjomba nimesema hivyo kwa heshima zote.

Tuanze na damu. Kipimo cha haraka cha malaria hutaka tone moja, na kipimo cha upungufu wa damu hutaka tone jingine. Yote mawili hayajazi hata kijiko cha chai. Majibu hupatikana pale pale ukiwa umekaa, na ulipaswa kuambiwa kabla hawajaondoka. Mtoto anayeonekana ana vimelea hapaswi kuachwa hivyo hivyo: ama hupewa dawa mseto, ama mzazi hukabidhiwa karatasi ya kumpeleka zahanati. Kama hukuambiwa chochote, hapo wao ndio waliokosea, na unayo haki ya kwenda kwa mtendaji wa kijiji kuulizia, kwa sababu kikundi chochote kilichoingia kwa utaratibu kimeacha kwake barua yenye namba za simu.

Kwa matone ya namna hiyo ndipo tunapojua mambo ambayo zahanati peke yake isingeweza kutuambia, kwa kuwa zahanati humjua mgonjwa aliyefika tu. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, watoto wa miezi 6 hadi 59 walipimwa majumbani nchi nzima. Wastani wa waliokutwa na malaria Tanzania Bara na Visiwani ulikuwa asilimia 8, lakini Mtwara ilifikia asilimia 20, ikitanguliwa na Tabora pekee yenye asilimia 23. Jirani zetu wa Mtwara wasingejulikana wanabeba mzigo huo kama kina mama wa huko wangefunga milango.

Habari ya mumiani siichekei. Wazee wetu walishuhudia wageni wakija na sindano bila kumweleza mtu lolote, na mahali palipokosa maelezo hadithi hujaa. Dawa yake ni kuuliza. Ziko tafiti ambazo damu hudondoshwa kwenye karatasi maalumu ya chujio, hukaushwa, kisha hupelekwa maabara, na nyingine husafirishwa nje ya nchi. Hiyo inaruhusiwa, ila kwa mkataba na kwa idhini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ile inayojulikana kama NIMR. Jambo hilo lilitakiwa liwemo katika maelezo uliyosomewa. Kama walisema damu itatupwa baada ya kipimo, haipaswi kwenda pengine.

Sasa dole gumba. Kwa mtoto mdogo, ridhaa ya mzazi au mlezi ndiyo inayotakiwa, na wewe ni mzazi. Mume kuwa safarini hakuondoi haki yako. Hata hivyo kwa mtu asiyesoma huhitajika shahidi asiyekuwa mmoja wa watafiti, anayesikia karatasi ikisomwa yote na kutia sahihi kwamba kilichosomwa ndicho kilichoandikwa. Shahidi huyo angeweza kuwa mjomba. Hapo ndipo ninapoielewa ghadhabu yake: si kwamba sheria ilimtaka yeye, bali kwamba kwetu Kusini, kwa Wamwera, Wayao na Wamakonde, watoto huhesabiwa upande wa mama na mjomba ana kauli, na mdadisi mwenye busara angemsalimia kabla ya kufungua mkoba.

Jambo hili la nani mwenye kauli katika kaya halikukuta wewe tu. Dodoso nyingi hufungua kwa kuuliza, "Mkuu wa kaya ni nani?", na aliyelitunga swali hilo amekaa mbali akimfikiria baba mezani. Mwanamke anayelima shamba lake mwenyewe katika ardhi ya ukoo wake, anayesomesha watoto kwa korosho zake, humtaja mume aliyeondoka miaka miwili iliyopita kwa sababu ni aibu kutomtaja. Kompyuta inaandika kaya hiyo inaongozwa na mwanamume. Kaya kwa maana ya watafiti ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Safari nyingine jibu kwa kumtazama anayekipika na kukijaza chungu hicho.

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji. Tangu ujana wangu nimewaona watafiti wa mbu, wa vyandarua, wa watoto wachanga, wa lishe na wa vyoo. Wakija nawakusanyia watu, wakiondoka hawarudi. Safari hii wananchi wamegoma, wanasema hawajibu mpaka waone matokeo ya zamani. Nikiwaunga mkono nitakuwa nimevunja sheria? Na huo utafiti wanaouita shirikishi, ushiriki wetu uko wapi?
Mwenyekiti, Newala

JIBU: Mheshimiwa mwenyekiti, hujavunja sheria. Sensa ya Watu na Makazi, kama ile iliyoanza usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, ina nguvu ya Sheria ya Takwimu na mtu hawezi kuikataa atakavyo. Utafiti wa kawaida wa afya ni wa hiari, kwa mtu mmoja mmoja, tangu swali la kwanza hadi la mwisho. Ila wewe usimkatalie mtu kwa niaba yake, kama usivyoweza kumkubalia kwa niaba yake.

Ulichonacho ni mlango, na mlango huo una utaratibu. Mtafiti wa afya anapaswa kuwa na kibali cha maadili, ambacho hupatikana NIMR, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979; akiwa mgeni kutoka nje ya nchi, huhitaji pia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kutoka hapo barua hushuka mkoani, ikaenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa kijiji, ndipo ikufikie wewe. Anayekuja na maneno matamu bila karatasi hizo mkaribishe maji, basi.

Kuhusu matokeo kutorudi, lawama yenu ni ya haki na sitaitetea taaluma yangu ya zamani. Lakini niruhusu nikukumbushe mambo mawili ambayo ni mali yenu, pengine hamkuambiwa.

La kwanza ni la mwaka 1952. Katika uwanda wa Wamakonde, huko huko kwenu, ulizuka ugonjwa wa homa kali na maumivu ya viungo yaliyomfanya mtu ajikunje asiweze kunyooka. Daktari Marion Robinson, aliyekuwa katika hospitali ya misheni ya Lulindi, aliueleza, na mwenzake Lumsden, aliyetoka kituo cha utafiti wa virusi cha Entebbe, aliandika jinsi ulivyosambaa. Maandishi yao yalichapishwa mwaka 1955. Jina waliloliandika hawakulitunga wao. Walilichukua vinywani mwa wenyeji, kwa Kimakonde: chikungunya, kile kinachomkunja mtu. Leo linatamkwa India, Brazili na visiwa vya Karibi, na wengi wanaolitamka hawajui Newala iko wapi.

Wenyeji walitoa zaidi ya jina. Uwanda wenu ulikuwa, na kwa sehemu bado ni, nchi ya kiu. Maji yalifuatwa mbali mabondeni, na kila nyumba iliyahifadhi kwenye mitungi, mle ndani wanamolala. Mbu wa Aedes, ndiye anayeueneza ugonjwa huu, hutaga katika maji safi yaliyotulia ya namna hiyo. Hilo halikuhitaji darubini kulianza. Lilihitaji mtu wa kuuliza wanakijiji wanapata wapi maji, wanayaweka wapi, na kusikiliza. Nawasihi wenye visima vya saruji vya kuvunia maji ya mvua uani wavifunike vizuri, maana habari hii haijazeeka.

La pili ni la juzi. Kuanzia mwishoni mwa muongo wa 2000, Taasisi ya Afya Ifakara na wenzake walijaribu katika wilaya sita za Lindi na Mtwara mpango ulioitwa Mtunze Mtoto Mchanga. Wanawake wa kujitolea, waliochaguliwa katika vijiji vyao, waliwatembelea wajawazito na wazazi nyumbani wakiwashauri juu ya kujifungua salama na matunzo ya kichanga. Baadhi ya sehemu zilipata mpango huo na nyingine hazikuupata, kwa bahati nasibu, ili zilinganishwe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015, nayo yana uchungu na faida ndani yake. Baadhi ya desturi zilibadilika, ikiwemo kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama pekee katika siku za kwanza. Lakini haukupatikana ushahidi kwamba vifo vya vichanga vilipungua kwa sababu ya mpango ule.

Kijiji kilichowatoa wanawake wake watembee kwenye jua nyumba kwa nyumba kilistahili kuambiwa hivyo, kwa maneno hayo hayo bila kuremba. Sioni aibu katika jibu la "hapana". Linaifundisha serikali kwamba ushauri wa nyumbani peke yake hautoshi kama zahanati anakokwenda mzazi haina mkunga wa usiku, vifaa vya kumsaidia mtoto asiyepumua, wala gari la kumkimbiza hospitali ya wilaya. Aibu iko katika kulichapisha jibu hilo kwa Kiingereza na kuliacha huko.

Kwa hiyo, mwenyekiti, ushauri wangu ni huu. Kabla mlango wa kwanza haujabishwa hodi, waite viongozi wa utafiti mbele ya halmashauri ya kijiji, waulize wataleta mrejesho mwezi gani, nani atauleta, na kwa lugha ipi, na majibu yao yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao chenu na wao watie sahihi. Mwezi usiwe Novemba, watu wakiwa mnadani na ghalani. Usikubali mrejesho wa vipeperushi ofisini kwa mkurugenzi. Uwe mkutano wa hadhara, wenye nafasi ya maswali. Uwe tayari, kwa upande wako, kusikia kwamba hesabu ni za wilaya na si za kitongoji chako, kwa kuwa kaya chache zilizohojiwa kwako haziwezi kusema ukweli wa kitongoji kizima. Mtafiti anayekupa takwimu za kitongoji ili akufurahishe anakudanganya.

Na ushiriki? Kuwakusanya watu chini ya mwembe wajibu maswali yaliyotungwa tayari ni kuwahoji kwa pamoja tu. Ushiriki huanza pale wanakijiji wanapoulizwa ni lipi lichunguzwe, wanapolisoma dodoso kabla halijafungwa na kusema swali hili kwetu halina maana, na wanapokaa na matokeo kabla hayajaandikwa wakaeleza kwa nini yako vile. Ukiona hayo hayapo, waambie walibadilishe jina.

SWALI: Nimemaliza kidato cha sita, nataka kazi ya udadisi. Nasikia posho ni nzuri na kwamba wengine hujaza dodoso wenyewe wakiwa kivulini. Ni kweli?
Kijana, Lindi mjini

JIBU: Mwanangu, wapo waliofanya hivyo, na siku hizi wanakamatwa mapema. Kishikwambi hurekodi mahali ulipo na muda uliotumia; mahojiano ya dakika hamsini yakichukua sita, yote yakiwa chini ya mti mmoja, msimamizi anayaona jioni ile ile. Tena hurudi kwa baadhi ya kaya na kuuliza maswali machache upya.

Sifa kubwa ya kazi ni kusikia, na nitakuambia nilivyoshindwa. Siku moja nilimuuliza mama mmoja kama mtoto wake alipata malaria katika wiki mbili zilizopita. Akasema hapana, nikaweka alama. Nilikuwa nafunga begi aliposema, kama anayejisemea, kwamba labda ile degedege, ila hiyo walimpeleka kwa mganga kwa kuwa haikuwa ya hospitali. Mtoto alikuwa amekakamaa kwa homa, na mimi nimeandika mzima. Swali lilikuwa sahihi kama lilivyoandikwa, nami nilikuwa nimelisoma neno kwa neno kama nilivyofundishwa. Tofauti ilikuwa kwamba kwa mama yule malaria na degedege ni vitu viwili. Ukiwa mdadisi usilibadilishe swali, kwa kuwa lazima watu wote waulizwe sawa, lakini ukisikia neno la namna hiyo liandike pembeni na ulipeleke kwa msimamizi usiku ule.

Jambo jingine ni msimu. Tuliwahi kuuliza mapato na idadi ya milo katika vijiji vya kwanza mwezi Novemba, fedha za korosho zikiwa mkononi, na vijiji vya mwisho mwezi Februari, ghala zikiwa tupu na mahindi bado mabichi. Kwenye rasimu vijiji vya mwisho vilionekana maskini wa kutupwa. Ni dereva wetu, mtu wa Ruangwa asiyeulizwa na mtu yeyote, aliyecheka na kusema tumepima kalenda.

Omba kazi ukiwa unajua Kimwera au Kimakonde vizuri, na ukitaja hilo kwenye barua yako liweke juu ya vyeti.

SWALI: Mdadisi aliniuliza mbele ya watoto wangu kuhusu fedha na mambo ya chumbani. Nilijibu kwa aibu. Ningeweza kukataa maswali hayo na kujibu mengine?
Mama, Masasi

JIBU: Ungeweza, na mahojiano yangeendelea bila neno. Unaweza hata kupiga simu iliyoandikwa kwenye karatasi ya ridhaa ukataka majibu yale yaondolewe, ilmradi majibu yako hayajatenganishwa na jina lako. Kuwauliza watu mambo ya ndani mbele ya wengine ni kosa la mdadisi, na tangu kupitishwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 habari za afya ya mtu hazikusanywi wala kutunzwa kiholela. Safari nyingine, akifika kwenye ukurasa huo, mwambie achukue kigoda chake mkakae kule kwenye mkorosho, na watoto wabaki wakimenya mihogo.